Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuunda Bunduki Ndefu ya Gumegume kwa Mara ya Kwanza

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kuunda bunduki ndefu ya Pennsylvania, gobore la gumegume ambalo mbao yake inafika hadi mdomoni, na hajawahi kuunda bunduki yoyote. Ni kazi ngumu kuanzia nayo. Mimi nasema inawezekana, mradi ujue tangu mwanzo ni ipi kazi yako na ni ipi ya kuwaachia wengine. Majibu yote yanahusu Marekani, ambako ufundi huu ulizaliwa na ambako bado una mafundi, wauza vipuri na sheria zake. Ninaposema "mti" nina maana ya sehemu yote ya mbao inayobeba mtutu, kuanzia kitako hadi mbele.

Bunduki ndefu ya Pennsylvania ni ipi hasa?

Ni gobore lenye mtutu mrefu wenye mifuo inayozunguka kwa ndani, linalowashwa na cheche za jiwe la gumegume. Katika karne ya 18 mafundi Wajerumani waliohamia kusini-mashariki mwa Pennsylvania walikuja na bunduki za wawindaji wa kwao: fupi, nene, zenye mtutu wa inchi 30 hivi na tundu pana. Huku msituni, mbali na maduka, risasi na baruti vilikuwa vitu vya kubania. Kidogo kidogo mtutu ukarefushwa hadi inchi 42 na zaidi, yaani kupita mita moja, tundu likapunguzwa hadi nusu inchi au chini yake, na mti ukakondeshwa. Kwenye kitako kikawekwa kijisanduku chenye mfuniko wa shaba ya njano.

Mji wa Lancaster, Pennsylvania, ukawa kitovu cha kazi hiyo, na Jacob Dickert ni mmoja wa mafundi wake wanaokumbukwa zaidi. Kutoka hapo ufundi ulishuka hadi Maryland, ambako John Armstrong wa Emmitsburg aliunda bunduki ambazo hadi leo watu huzichungulia kwa lenzi, kisha Virginia, Carolina na Tennessee. Kila eneo likawa na mkono wake. Za Lancaster zina kitako chenye mistari iliyonyooka. Za bonde la Lehigh zina kitako kilichobinuka mgongoni. Za milima ya Appalachia upande wa kusini huwa na vyuma vyeusi badala ya shaba, na mapambo machache mno.

Kwako wewe unayeanza, hili si somo la historia tu. Chagua eneo moja na kipindi kimoja, kisha ushikamane nacho. Mtu anayechukua kitako cha Lehigh, kijisanduku cha Lancaster na kinga ya kifyatulio ya Virginia hupata bunduki inayofyatua vizuri lakini jicho linaikataa, na mara nyingi yeye mwenyewe hawezi kueleza kwa nini.

Je, si afadhali nianze na kitu chepesi zaidi?

Ushauri huo utaupata kila mahali, na una mantiki. Bastola ya gumegume, kwa mfano, ina mti mfupi. Lakini bastola haina nafuu unayoidhania: mtambo (chombo cha ubavuni kinachopiga jiwe na kutoa cheche), tundu la moto (kitundu kinachopitisha moto hadi kwenye baruti iliyo ndani ya mtutu) na kifyatulio vinadai usahihi uleule, na kwa kuwa kila kitu ni kidogo, kosa la milimita moja linaonekana zaidi.

Jambo ninalolitazama zaidi ni hamu. Kazi hii ina miezi ya ukimya, siku ambazo umekaa na patasi ukiondoa vumbi tu la mbao. Anayejenga kitu anachokitaka kwa moyo wote huvuka siku hizo. Anayejenga kitu cha mazoezi hukiacha chini ya meza. Ikiwa bunduki inayokukosesha usingizi ni ndefu, yenye mti kamili, anza nayo, ila punguza ugumu kwa busara. Kitako kiwe cha mistari iliyonyooka, vyuma viwe vichache, kijisanduku kisiwepo, na usichonge nakshi. Bunduki ya milima ya kusini inakupa yote hayo bila kuonekana kama imepunguziwa kitu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nitengeneze kila kitu mwenyewe, hata mtutu na mtambo?

Hapana. Nunua mtutu, kizibo chake cha nyuma, mtambo na kifyatulio kutoka kwa watengenezaji wanaoaminika, na kizibo kifungwe na mtengenezaji wa mtutu au fundi bunduki aliyebobea. Hivi ndivyo vitu vinavyobeba shinikizo la baruti na vinavyoamua lini bunduki ifyatuke.

Wengine huona huko ni kudanganya. Sioni hivyo. Mafundi wa Pennsylvania wenyewe walinunua mitambo mingi iliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza na Ujerumani, na mitutu ilitoka kwenye vinu vilivyoendeshwa na maji ya mito, ambako kazi ilikuwa hiyo tu. Kuna karakana ya Colonial Williamsburg, makumbusho ya historia huko Virginia, ambako mafundi wamefufua kazi yote tangu kufua mtutu kwa moto na nyundo, na inastahili heshima kubwa. Lakini hao ni watu waliojifunza kwa miaka mingi chini ya bwana wao. Kazi yako wewe ni mbao, na namna chuma kinavyokaa ndani ya mbao. Hiyo pekee inatosha kukufundisha unyenyekevu.

Ninunue ubao mzima, mti uliochongwa nusu, au seti iliyokatwa na mashine za kompyuta?

Hizi ni kazi tatu tofauti kabisa.

Seti za kisasa zilizokatwa na mashine za kompyuta huja zikiwa zimekaribia kuingiliana zenyewe. Utasafisha, utafunga, utapiga msasa na kupaka rangi. Mwisho wake ni bunduki safi sana, na wapo mafundi wakongwe wanaozisifia. Ukitaka kupiga shabaha mwaka huu, chukua hiyo bila kuona haya.

Mti uliochongwa nusu huja na mfereji wa mtutu na tundu la mdeki (fimbo ya kushindilia risasi) tayari, umbo la nje likiwa limekatwa nene kidogo. Kubaya kwake ni kwamba mambo mengi yameshaamuliwa na mtu mwingine. Mtambo unaoutaka huenda usikae mahali ulipochimbiwa, na shingo huenda imekatwa kwa namna isiyolingana na eneo ulilochagua.

Ubao mzima unakupa uhuru wote na hatari zote. Pendekezo langu kwa anayetaka changamoto ya kweli ni njia ya katikati: ubao ambao umechimbwa mfereji wa mtutu na kutobolewa tundu la mdeki na fundi mwenye mashine, lakini kila kitu kingine kimeachwa mraba. Mfereji wa mtutu uliopinda ni saa nyingi za machozi, na tundu la mdeki ni hatari zaidi. Kati ya mfereji na tundu hilo hubaki ukuta wa mbao wa milimita 3 hivi. Biti ndefu ikiyumba kidogo tu ndani ya mbao hutokea juu, ndani ya mfereji, au chini, nje ya mti. Yote mawili huharibu ubao wa bei ghali kwa dakika moja, na hakuna ustadi wa patasi unaoweza kuzuia hilo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 kuhusu silaha inaweka gobore linalotumia baruti nyeusi, lisiloweza kutumia risasi za ganda, katika kundi la silaha za kale, hata kama limeundwa wiki iliyopita. Ndiyo maana vipuri vyake hutumwa nyumbani kwa posta. Lakini majimbo yana sheria zao, na baadhi, kama New Jersey, ni makali zaidi. Mtu aliyezuiwa na mahakama kumiliki silaha asidhani kuwa gobore limemfungulia mlango, maana katika majimbo kadhaa bado amezuiwa. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kulipa chochote. Ikiwa unaishi nje ya Marekani, chukulia kuwa gobore ni silaha inayohitaji leseni, na uliza mamlaka ya nchi yako kwanza.

Mbao gani inafaa?

Mepo (maple), na hasa mepo ngumu ya sukari. Mafundi wa Pennsylvania waliipenda ile yenye mawimbi yanayokatiza nyuzi, inayong'aa kwa milia ukiigeuza kwenye mwanga. Mjozi pia unafaa na ni mpole kwa patasi.

Hapa watu hukosea kwa kuangalia milia kwanza. Angalia kwanza nyuzi zinavyopita kwenye shingo, mahali pembamba nyuma ya mtambo. Nyuzi ziende sambamba na shingo. Zikikatiza kwa mshazari, bunduki itavunjikia hapo siku itakapoanguka. Mbao pia iwe imekauka vizuri, unyevu wa karibu asilimia 8, na ikae chumbani kwako wiki kadhaa kabla hujaigusa. Ubao wenye milia ya wastani na nyuzi zilizonyooka ni zawadi kwa anayeanza. Wenye milia mikali hung'oka vipande usipotarajia, kwa sababu nyuzi zake zinapanda na kushuka kila sentimita.

Nahitaji vifaa gani?

Vichache kuliko unavyofikiri, lakini vikali kuliko ulivyozoea. Jiliwa imara yenye mashavu yaliyofunikwa ngozi, patasi bapa za upana tofauti, bobari mbili tatu za duara, tupa za mbao na za chuma, msumeno mwembamba, keekee, vibamba vya kukwangulia na rula ndefu ya chuma. Ongeza jiwe zuri la kunolea, na ujifunze kulitumia kabla ya kila kitu kingine. Patasi ambayo haiwezi kunyoa nywele za mkono bado haijawa tayari kwa kazi hii. Mashine ya kusaga na kulainisha kwa umeme iache mbali na mti. Inakula kona ambazo bunduki hii inazitegemea kwa uzuri wake.

Nifuate mpangilio gani wa kazi?

Mtutu, kisha ulimi wa kizibo (mkia wa chuma unaotoka nyuma ya kizibo na kulala juu ya mti), kisha mtambo, kisha kifyatulio, kisha bamba la kitako, kisha kinga ya kifyatulio na mirija ya mdeki. Umbo la nje huja baada ya hayo.

Sababu ni kwamba kila kipande kinamwamulia kinachofuata. Mahali mtutu unapoishia nyuma ndipo panapoamua tundu la moto litakuwa wapi. Tundu la moto linaamua mtambo ukae wapi. Ndani ya mtambo kuna mkono mdogo unaosukumwa na kifyatulio, na mahali mkono huo ulipo ndipo panapoamua kifyatulio. Kifyatulio kinaamua urefu wa kitako, kwa kuwa urefu hupimwa kutoka hapo hadi kwenye bega. Anayechonga kitako kizuri kwanza kwa sababu ndicho kinachofurahisha, baadaye hulazimika kuweka kifyatulio mahali ambapo kidole hakifiki.

Chora kwanza kwa ukubwa halisi. Karatasi ndefu ukutani, mistari yote, vipuri halisi vikiwekwa juu ya mchoro na kuzungushiwa penseli. Usinunue ubao kabla mchoro huo haujakaa ukutani siku nyingi ukiutazama kila unapopita.

Kuzamisha mtutu kwenye mti kunafanywaje?

Kwa masizi na subira. Unapaka upande wa chini wa mtutu masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo, unaushusha kwenye mfereji, unaugonga kidogo, kisha unauinua. Mahali palipoguswa pamekuwa peusi. Unakwangua weusi huo tu, si zaidi, kisha unarudia, mara nyingi mno. Kinachotafutwa ni weusi unaotawanyika sawasawa mfereji mzima, badala ya kujikusanya kwenye vidonda viwili vitatu vinavyoubeba mtutu wote.

Mitutu mingi ya zamani, na ya kisasa iliyo mizuri, ni mnene nyuma, mwembamba katikati, kisha hupanuka kidogo tena mdomoni. Bunduki yenye mtutu wa namna hiyo huinuka mkononi kwa wepesi wa ajabu, na ndiyo ninayoipenda. Lakini mfereji wake hauchimbwi kwa randa iliyonyooka, na hii ni sababu nyingine ya kumwachia fundi mwenye mashine.

Pawe na uangalifu wa pekee nyuma kabisa. Uso wa nyuma wa mtutu lazima ukae kikamilifu kwenye mbao, kwa kuwa hapo ndipo kishindo chote kinapopokelewa. Ulimi wa kizibo, kinyume chake, usisukume mbao kwa ncha yake. Acha nafasi nyembamba kama karatasi nyuma yake. Bunduki nyingi zenye ufa nyuma ya ulimi zilipata ufa huo kwa sababu ulimi ulikuwa ukifanya kazi ya kabari kila risasi ilipotoka.

Mtutu hushikwa na pini nyembamba zinazopita kwenye vishikio vilivyo chini yake. Matundu ya vishikio hivyo yarefushwe kidogo kufuata urefu wa bunduki. Mbao hutanuka na kunywea pamoja na unyevu, chuma hakifuati, na pini isiyo na nafasi ya kusogea hupinda mtutu au kupasua mti.

Na mtambo?

Mtambo unakaa pale ambapo kisahani cha baruti kinakutana na tundu la moto: katikati ya tundu ilingane na ukingo wa juu wa kisahani, na tundu liwe mbele kidogo ya uso wa kizibo. Kibamba cha mtambo kigusane na ubavu wa mtutu bila mwanya, la sivyo baruti huvuja ndani ya mti.

Fungua mtambo wote, zamisha kibamba peke yake kwanza, kisha kila kipande cha ndani kimoja kimoja, ukirudi kwenye masizi kila mara. Chimba mbao chache iwezekanavyo. Mti wa shingo ni mwembamba, na kila tonge la mbao unaloondoa bila haja linadhoofisha mahali panapovunjika kwanza. Skrubu ya mbele ya mtambo hupita kati ya mtutu na mdeki, katika ule ukuta wa milimita 3. Sasa utaona kwa nini tundu la mdeki lililoyumba ni balaa hata kama halikutoboka nje.

Nguvu ya mtambo na umbo la meno yake ya ndani usivichezee. Ukiona kifyatulio ni kizito mno au kimelegea, mpelekee fundi.

Kwa nini kila mtu analalamikia bamba la kitako?

Kwa sababu limepinda pande mbili kwa wakati mmoja, tena linakutana na mwisho wa nyuzi za mbao, ambako mwanya hauwezi kufichwa. Lisawazishe kwa tupa kwanza hadi ndani yake pawe laini na pasiwe na mashimo ya kalibu. Kisha nenda nalo kama mtutu: masizi, gonga, kwangua. Acha mbao ya ziada nyuma ya mstari uliouchora, maana kila kurudia kunafupisha kitako kidogo.

Mbona bunduki za wanaoanza huonekana nene?

Hili ndilo swali ninalotamani wengi waliulize mapema. Bunduki ya kwanza ikionekana nzito na ya kuchosha macho, karibu kila mara ni kwa sababu mwenyewe aliogopa kuondoa mbao. Baada ya wiki nyingi za kuzamisha chuma kwa uangalifu, mkono umezoea kukwangua kiasi cha unga. Ghafla unatakiwa kuondoa vipande vikubwa, na mkono unakataa.

Bunduki za asili ni nyembamba kuliko mtu anavyoamini hadi azishike. Kingo za mti kando ya mtutu zinakaribia milimita 3 tu. Mdeki unaonekana nusu nje. Mbao inayozunguka mtambo ni utepe mwembamba wenye upana uleule pande zote. Shingo ni nyembamba na ndefu kiasi kwamba unaishika mkononi ukahofia. Ndiyo sababu nasisitiza nyuzi za shingo.

Njia ya kuvuka woga ni kufanya kazi kwa mistari na bapa. Chora mstari wa katikati juu na chini na usiufute. Kata umbo la ubavuni likiwa mraba kabisa, kisha umbo la juu, bado mraba. Kisha vunja kona ziwe pande 8, pande hizo ziwe 16, ndipo ulainishe mduara. Ukifanya hivyo pande mbili za bunduki zinafanana zenyewe. Anayeanza kwa kuzungusha tupa kwa hisia huishia na upande wa kushoto mnene, kwa kuwa ndio usio na mtambo wa kumkumbusha.

Tazama bunduki halisi kila unapopata nafasi. Picha za mbele na za ubavuni husaidia, lakini picha ya kuangalia kutoka juu ndiyo inayofundisha wembamba.

Bunduki inipime vipi?

Urefu kutoka kifyatulio hadi katikati ya bamba la kitako ni inchi 13 na nusu kwa mtu wa wastani, yaani sentimita 34 hivi. Mikono mifupi au nguo nzito za baridi zinataka pungufu. Kitako kishuke kiasi ambacho, ukiinua bunduki macho yakiwa yamefumbwa kisha ukayafumbua, unaona shabaha bila kunyoosha shingo. Kukipinda kitako kidogo kuelekea nje ya shavu husaidia pia, na katika ubao mzima ni jambo la kuchora mstari tu.

Nikikata kupita kiasi, mradi umekwisha?

Mara chache sana. Kipande cha mbao kutoka ubao uleule, chenye nyuzi zinazoelekea upande uleule, kikigundishwa vizuri, hupotea machoni baada ya rangi. Weka mabaki yote ya ubao wako hadi mwisho wa kazi. Bunduki za zamani zenyewe zina viraka, na waliozitengeneza walikuwa wakila kwa kazi hiyo. Kisichorekebishwa kwa gundi ni shingo iliyokondeshwa mno na tundu la moto lililotobolewa pasipo pake. Hayo mawili yapimwe mara nyingi na jicho la mtu wa pili.

Je, nichonge nakshi?

Bunduki ya kwanza, hapana. Fanyia mazoezi kwenye mabaki. Bunduki iliyokaa sawa bila nakshi inaheshimika, na nakshi juu ya umbo baya huliita jicho lije kulitazama.

Mti unapakwa nini?

Kwanza kwangua na kupiga msasa, kisha lowesha kwa maji ili manyoya ya mbao yasimame, uyakate, na urudie. Rangi ya jadi ni chuma kilichoyeyushwa katika asidi ya nitriki: unapaka, unapasha joto, na mbele ya macho yako mepo inageuka kuwa kahawia nyekundu na milia inaruka nje. Ni dakika ya furaha kuliko zote katika kazi hii. Lakini mvuke wake ni hatari, basi nunua iliyo tayari, fanyia nje, vaa glavu na miwani, kisha ipoze asidi kwa magadi la sivyo mti utaendelea kuwa mweusi kwa miaka. Usiyependa asidi kali unaweza kupaka chai nzito, kisha siki iliyolazwa na nyuzi za chuma. Rangi yake huwa ya kijivu zaidi, na inafaa bunduki ya milimani.

Baada ya hapo ni mafuta ya kitani, matabaka mengi membamba yanayosuguliwa kwa kiganja, kila moja likauke kabisa. Vitambaa vyenye mafuta hayo visikunjwe wala kutupwa kwenye pipa. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje au uvizamishe kwenye maji.

Na mtutu?

Kutu ya kahawia iliyodhibitiwa. Unaondoa mafuta yote, unaziba mdomo na tundu la moto, unapaka dawa ya kuleta kutu, unauweka kwenye sanduku lenye unyevu, kesho yake unasugua, unapaka tena. Rangi ikitosha unaizima kwa magadi na kuifunika kwa mafuta. Haina ugumu, inataka usafi wa mikono tu.

Itachukua muda na fedha kiasi gani?

Vipuri bora pamoja na ubao huzidi dola 1,000 kwa urahisi, na mtutu na mtambo ndivyo vinavyokula sehemu kubwa. Usibane hapo. Mtambo wa bei chee usiotoa cheche utakuchosha maisha yako yote, ilhali shaba inaweza kubadilishwa. Kuhusu muda, seti ya mashine ni kazi ya wikendi kadhaa. Ubao mraba ni mamia ya saa kwa asiyewahi. Anayejiwekea tarehe, kwa mfano msimu wa uwindaji wa gumegume ambao Pennsylvania huufungua baada ya Krismasi, huharakisha umbo na rangi, na ndizo zinazoonekana.

Nifanye nini kabla ya kufyatua mara ya kwanza?

Marekani haina ofisi ya taifa inayolazimisha kila mtutu ujaribiwe, kama zilivyo nyumba za majaribio za London na Birmingham, kwa hiyo wajibu ni wako. Mpe fundi mzoefu wa magobore aikague yote: kizibo, tundu la moto, mtambo, nyufa. Mfyatuo wa kwanza bunduki iwe imefungwa kwenye stendi, wewe ukiwa mbali, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa mtutu.

Tumia baruti nyeusi au mbadala uliotengenezwa kwa ajili ya magobore. Baruti isiyo na moshi haitumiki kamwe, hata chembe: shinikizo lake hupasua mtutu na kuua. Pima baruti kwa kipimo cha pembeni, usimimine kutoka kwenye chupa yake moja kwa moja. Isipowaka, iache imeelekea shabaha dakika nzima kabla ya kuigusa. Vaa miwani, na osha mikono baada ya kushika risasi.

Chora alama mbili kwenye mdeki: moja mtutu ukiwa mtupu, nyingine ukiwa umeshindiliwa. Kila bunduki inapoingia karakana, hata ya rafiki anayeapa ni tupu, mdeki ndio unaosema kweli.

Nani atanifundisha?

Chama cha kitaifa cha wapiga magobore, National Muzzle Loading Rifle Association, kilianzishwa mwaka 1933, na uwanja wake uko Friendship, Indiana. Mikutano yake huwaleta pamoja wauza vipuri, wapiga shabaha na mafundi wanaopenda kuulizwa. Contemporary Longrifle Association huwakusanya wale wanaounda bunduki za aina hii leo. Nenda na mti wako ukiwa haujakamilika. Mafundi wengi watakwambia zaidi kwa dakika kumi wakiushika kuliko kwa saa nzima ya maelezo, na mtu atachukua penseli achore juu yake pale palipo pazito.

Niandike jina langu juu ya mtutu?

Ndiyo, na mwaka pia. Mafundi wa zamani walitia sahihi juu ya bapa la juu la mtutu, na bunduki isiyo na jina leo huweza kuuzwa kesho kama ya kale na mtu asiye mwaminifu. Andika kabla ya kuupaka mtutu kutu, maana mkwaruzo utakaopigwa baadaye utakata rangi na kung'aa mweupe. Kama mkono wako bado haujazoea kalamu ya chuma, kuna wachoraji wa vyuma wanaofanya kazi hiyo kwa ada, na herufi za mwandiko wa karne ya 18 wanazijua.